Mtoto anajifunza dansi: kabla ya kuuliza ana miaka mingapi, uliza yuko ngazi gani

#1 Mleta uzi (Temeke)

Wakuu, habari za jioni. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu, ila wiki iliyopita wazazi watatu wamenifuata kwa swali lile lile, nikaona bora niandike mara moja na wengine wasome.

Mimi ni mwalimu wa ngoma na dansi. Nilisoma Bagamoyo, pale ambapo wengi bado wanapaita Chuo cha Sanaa kama kilivyoanzishwa mwaka 1981, ingawa tangu 2007 ni TaSUBa. Nafundisha watoto na vijana Jumamosi na Jumapili kwenye ukumbi wa kukodi hapa Temeke, mwaka wa kumi na nne sasa.

Swali la wazazi ni hili: "Mwalimu, mwanangu ana miaka 11, mbona umemweka na watoto wa miaka 8?" Au: "Huyu wangu zile za TikTok zote anazijua, kwa nini asiende kwa wakubwa?" Wa tatu alikuja na hoja ya urefu. Binti yake amewapita wenzake kwa kichwa kizima na anaonekana kama mlingoti katikati yao.

Nitawajibu kwa kisa ambacho bado kinaniuma.

Mwaka 2015 nilikuwa na binti wa miaka 11. Akiona hatua mara moja, ameidaka. Sikio zuri, mwili mwepesi, na uso wake ulikuwa unang'aa akisikia ngoma. Baada ya miezi minne tu nikampandisha kundi la vijana wa miaka 14 hadi 17, waliokuwa wanajiandaa na onyesho la Desemba. Mama yake alifurahi, na mimi nilifurahi kuliko mama yake. Wale vijana walikuwa wanafanya mazoezi siku tano kwa wiki, kuruka kwingi, juu ya sakafu ya saruji. Wiki ya sita binti akaanza kuchechemea. Nikamuuliza, akasema kiatu kinambana. Kumbe kisigino kilikuwa kinamuuma kila asubuhi akikanyaga chini, naye alinyamaza kwa sababu aliogopa nitamrudisha kwa wadogo.

Daktari alitueleza vizuri. Mfupa wa kisigino cha mtoto una sehemu laini ambayo ndiyo inayokua, na haijakaza kama mfupa wa mtu mzima. Ile kano kubwa ya nyuma ya mguu imejishika hapo hapo. Mtoto anaporefuka haraka, mifupa inatangulia, misuli na kano zinabaki nyuma zimekazika. Ukiongeza kuruka kila siku juu ya saruji, ile kano inavuta sehemu laini mpaka inavimba. Kwa watoto wengine maumivu hayaji kisiginoni, yanakuja chini kidogo ya goti, pale penye kinundu cha mfupa wa mguu. Sababu ni ile ile.

Binti alikaa nje miezi mitano. Kosa lilikuwa langu. Nilipima wepesi wake wa kushika hatua, mwili wenyewe sikuupima.

Tangu siku hiyo kila mtoto kwangu ana umri wa aina mbili. Kuna umri wa kuzaliwa, ambao unaniambia mwili unaweza kubeba nini. Halafu kuna umri wa dansi, yaani amefundishwa vizuri kwa muda gani na ameelewa nini. Kundi naliamua kwa kuangalia vyote viwili. Kwa kifupi, ngazi zangu ziko hivi.

Wadogo kabisa, miaka 4 hadi 6, nakaa nao dakika 40, na zikizidi hapo unafundisha ukuta. Hapa sifundishi hatua. Tunatembea kama kobe, tunaruka kama chura, tunasimama ghafla ngoma ikinyamaza. Hiyo ya kusimama ghafla ndiyo somo lenyewe: mtoto anajifunza kuushika mwili wake na kusikiliza kwa wakati mmoja. Mzazi anayekuja kuchungulia anaona watoto wanacheza tu, na baadhi wamenidai hela yao.

Miaka 7 hadi 9 ni kushoto na kulia, kuhesabu nane, kupiga makofi kabla ya kukanyaga. Naanza na mganda. Wanaoijua ngoma hii ya watu wa Ziwa Nyasa wanafahamu kwamba ilikua kwa kuiga gwaride na bendi za kijeshi za enzi za ukoloni, kwa hiyo mistari yake imenyooka na mguu wake ni wa wazi. Mtoto anajua yuko sawa au amekosea bila mimi kusema neno. Singeli siigusi ngazi hii, hata wanililie. Singeli inapita mapigo 200 kwa dakika. Mguu wa mtoto haujamaliza hatua moja, pigo jingine limeshafika, na anachojifunza ni kukatisha hatua. Ukatishaji huo ukishaingia mwilini, kuutoa ni kazi ya miaka.

Miaka 10 hadi 12 ndipo ninapokuwa mwangalifu kuliko pote. Wasichana wengi huanza kurefuka ghafla katika umri huu, wavulana huwa nyuma yao kama miaka miwili. Mtoto aliyekuwa anageuka vizuri mwezi wa tatu, mwezi wa nane anajikwaa kwenye miguu yake mwenyewe. Hajawa mvivu wala hajasahau. Urefu wa mkono na mguu umebadilika, akili bado inatumia vipimo vya zamani. Kipindi hiki napunguza kuruka, naongeza nguvu za tumbo, mgongo na nyonga, na ninaingiza sindimba ya Wamakonde, kwa sababu inamfundisha kushuka chini kwa kukunja magoti na kutenganisha nyonga na kifua. Kifua kimetulia, nyonga ndiyo inayosema.

Miaka 13 kwenda juu, kwa aliyepita huko nyuma, hapo sasa tunafanya kazi. Bugobogobo ya Wasukuma kwa mfano, ile ya kuchezea jembe, siifundishi chini ya ngazi hii. Hata hapa, miezi ya kwanza wanarusha fimbo. Jembe linakuja wakishajua kupokea bila kuangalia.

Yule mwenye mambo ya TikTok, nilimwomba acheze kile anachokijua vizuri kuliko vyote. Alikicheza safi kabisa. Kisha nikapunguza mwendo wa muziki kwa nusu, nikamwambia arudie. Hakuweza. Alikuwa ameshika picha ya hatua, uzito wake hajui unahama lini kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Ndiyo maana yuko na wa miaka 8 kwa sasa.

Nawasilisha. Maswali yanakaribishwa.

#2 Mama wa Mbagala

Asante mwalimu kwa kuandika kwa kina. Mimi wangu yuko tofauti. Ana miaka 14, hajawahi kufundishwa dansi hata siku moja, na ametoka kuniambia mwezi huu kwamba ndicho anachokipenda. Alikuwa anajifungia chumbani anacheza peke yake, mimi sijui. Sasa kwa maelezo yako umri wake wa dansi ni sifuri. Nikimpeleka akawekwa na watoto wa miaka 6 wanaoruka kama vyura hatarudi tena, namjua. Nifanyeje?

#3 Mleta uzi

Mama, nashukuru umeuliza, kwa sababu hapa ndipo walimu wengi tunapowapoteza watoto.

Kijana wa miaka 14 anayeanza hawekwi na wadogo. Mwili wake na wao ni vitu viwili tofauti, hata akili. Anaweza kukaa saa nzima akirekebisha kitu kimoja, anaweza kuelezwa kwa maneno, anaweza kwenda nyumbani akafanya mazoezi mwenyewe. Kinachomlemea ni aibu. Katika umri huo kuonekana hujui mbele ya wenzako ni mzigo mzito kuliko maumivu ya goti.

Kwangu kuna kundi linaitwa Wakubwa Wanaoanza, Jumapili mchana, miaka 13 hadi 18. Nililifungua mwaka 2018 na nikajilaumu kwa kuchelewa. Wote humo hawajui, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake. Mwezi wa kwanza hatusimami kwenye mstari kuangalia kioo. Tunasimama duara, mimi nikiwa ndani yake. Duara halina mbele wala nyuma, hakuna wa kujificha na hakuna wa kuanikwa. Kioo nakifunika kwa kanga.

Na ukweli mwingine: hawa wanapanda haraka. Alichokipata mtoto wa miaka 7 kwa mwaka mzima, kijana wa miaka 14 mwenye nia anaweza kukipata kwa miezi mitatu au minne. Kitu kimoja tu hakiwezi kuharakishwa, nacho ni kukomaa kwa kano na viungo. Akili itakuwa tayari kupanda kabla ya kifundo cha mguu. Hapo mzazi unisaidie kumshika.

Ukienda kwa mwalimu mwingine karibu na kwenu, muulize swali moja: "Una kundi la vijana wanaoanza?" Akisema atamchanganya na waliokwishajua ili "achangamke", endelea kutafuta.

#4 Kijana wa Mwananyamala

Mkuu nakuheshimu ila hapa tutofautiane kidogo. Mimi nimejifunza mtaani, hakuna aliyenipima wala kuniuliza niko ngazi gani. Nimecheza nyuma ya wasanii jukwaani, nimesafiri mikoa mingi kwa dansi. Hizi ngazi zinaua kipaji. Mtoto akiwa na moto mwache awake. Ukimrudisha kwa wadogo unamzima.

#5 Mleta uzi

Kaka, kazi yako naiheshimu, na ninajua mtaa umetoa wachezaji ambao madarasa yasingewatoa. Ila naomba ukumbuke siku yako ya kwanza. Ulifika ukaingia katikati ya duara?

Nadhani hapana. Mtaani mtoto anaanza nje kabisa ya duara, anaangalia. Anajaribu hatua pembeni, nyuma ya migongo ya watu. Anapewa nafasi ya kuingia sekunde kumi, akikosea anatolewa, anarudi pembeni kujifunza tena. Akishaweza kukaa ndani ya duara bila kutolewa, watu wanamjua. Hizo ni ngazi, tena ni kali kuliko zangu, ila haziandikwi popote.

Na ngoma za vijijini ni vile vile. Watoto wanacheza ukingoni, nyuma ya wakubwa, wanaiga vivuli vyao. Hakuna anayewakatazia, na hakuna anayewaweka mbele. Anayeongoza anajulikana kwa miaka aliyoitumikia ngoma. Sisi wa mjini ndio tumelivunja hilo: tumechukua watoto arobaini, tumewapanga mistari minne, wimbo mmoja, hatua moja, aliyelipa nguo ya onyesho anasimama mbele.

Kuhusu moto, niko pamoja nawe. Mtoto mwenye moto simzimi. Nampa kazi nyingine ndani ya ngazi yake: atunge mapigo nane yake mwenyewe, aongoze wenzake kupasha mwili, ajifunze kupiga ile ngoma anayoicheza. Mchezaji anayejua kupiga ngoma anasikia vitu ambavyo mwenzake havisikii. Moto wake unaendelea kuwaka, na kisigino chake kinapumzika.

#6 Kijana wa Mwananyamala

Umenikumbusha mbali. Kweli nilikaa karibu mwaka mzima nabeba redio ya wakubwa kabla hawajaniita hata mara moja kuingia. Nilikuwa naona wananionea. Na magoti yangu ya sasa hivi nina miaka 27 yanalia nikipanda ngazi, hilo sikuwahi kumwambia mtu. Endelea mwalimu, nafuatilia.

#7 Mzazi, Nairobi

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Nami nichangie kutoka huku. Binti yangu ana miaka 10 na anasoma baleti. Walimu wake wanafuata mfumo wa Royal Academy of Dance ya London, ile iliyoanzishwa 1920, kwa hivyo ngazi kwetu si jambo la kubahatisha. Kuna zile za awali za watoto wadogo, halafu gredi ya 1 hadi ya 8, na mtoto hafanyi mtihani wa gredi ya 1 kabla hajafika miaka 7. Pembeni kuna mkondo wa wanaotaka kuifanya kazi, unaoanzia Intermediate Foundation, na huo ni kuanzia miaka 11.

Vita yetu nyumbani ni viatu. Anataka vile vya ncha ngumu, vya kusimamia vidole. Ameviona kwa wasichana wakubwa na kila jioni anasimama kwa vidole sebuleni na soksi. Mwalimu wake amekataa katakata, anasema bado mwaka mmoja au miwili. Binti analia, na nakiri hata mimi nilikuwa karibu kumnunulia mtandaoni ili amani irudi. Baada ya kusoma kisa cha yule msichana wa kisigino nimeacha.

Jambo la pili, kwa wale wanaodhani baleti ni ya watoto wa matajiri pekee. Joel Kioko alikulia mtaa wa mabanda wa Kuwinda hapa Nairobi. Somo lake la kwanza la dansi lilikuwa katika darasa la shule ya umma, madawati yametolewa nje, hakuna kioo, hakuna ile fito ya kushikilia. Alifika hadi kusomea dansi Marekani. Fito unaweza kukosa, ila bila mwalimu anayejua anachokifanya hufiki.

#8 Mleta uzi

Dada wa Nairobi, mwalimu wa binti yako mshike mkono umshukuru.

Kusimama kwa ncha ya vidole kunaweka uzito wote wa mwili juu ya eneo dogo sana, na mifupa ya mguu wa mtoto wa miaka 10 bado inajijenga. Walimu makini wa baleti hawaangalii umri peke yake. Wanataka miaka kadhaa ya mafunzo ya mfululizo, kifundo kisichoyumba, mgongo na tumbo vinavyobeba mwili usidondokee vidoleni. Wengi hufika hapo kati ya miaka 11 na 13. Wengine huchelewa zaidi, na hakuna ubaya.

Cha kumpa sasa hivi nyumbani badala ya kusimama na soksi: ashike kiti, asimame mguu mmoja, anyanyue kisigino polepole hadi mwisho na kukishusha polepole, bila kifundo kupinda nje. Akifika mara ishirini bila kuyumba, kila mguu, amwonyeshe mwalimu wake. Mtoto anayesubiri akiwa na kitu cha kuhesabu halii kama anayesubiri mikono mitupu.

Na usinunue viatu hivyo mtandaoni hata siku ikifika. Vinapimwa mguuni, mbele ya mwalimu.

#9 Baba wa Tanga

Assalam alaykum. Mimi sina shida na michezo, watoto wangu wanakimbia, wanaogelea. Ila neno dansi kwangu lina uzito. Tumeona kwenye vigodoro huko mitaani watoto wa miaka 8 wakikatika mbele ya watu wazima, na watu wazima wanawatunza hela. Tumeona pia video za watoto wa watu zinasambazwa. Binti yangu wa miaka 9 ananiomba, mama yake amekubali, mimi nimekataa. Nishawishi, mwalimu, lakini kwa ukweli.

#10 Mleta uzi

Waalaykum salaam mzee wangu. Hofu yako ni ya haki na sitaipunguza kwa maneno matamu. Hilo la vigodoro mimi pia limenitoa machozi.

Ngazi kwangu hazihusu mifupa tu. Kila ngoma ina mahali pake na watu wake. Bibi zetu walijua hilo vizuri sana: kuna ngoma za harusini, kuna za unyagoni ambazo mtoto hakukaribia hata mlango, kuna za mavuno ambazo kijiji kizima kilicheza. Aliyechanganya alikemewa. Anayemfundisha mtoto wa miaka 8 mchezo wa watu wazima hajamfundisha dansi, amemrusha ngazi ambazo hakutakiwa kuziona.

Sasa namna ya kumjua mwalimu wa kumwamini. Ingia darasani bila taarifa. Kama mlango unafungwa na wazazi hawaruhusiwi kukaa hata nyuma, ondoka na mwanao siku hiyo hiyo. Angalia mwalimu anavyomrekebisha mtoto: anamshika tu, au kwanza anaonyesha kwenye mwili wake mwenyewe, na akihitaji kumgusa bega au mgongo anamwomba ruhusa? Mimi nawafundisha watoto wote kusema "usinishike", na akisema hivyo nashukuru mbele ya wenzake ili wengine wajue inaruhusiwa. Hakuna darasa la mtu mmoja na mwalimu mmoja chumbani. Mavazi ni suruali nyepesi na fulana pana kwa wote, na mabinti kadhaa kwangu wanavaa hijabu ya michezo bila shida yoyote.

Video: sirekodi mtoto bila mzazi kuandika kwamba amekubali, na hata akikubali siweki mtandaoni sura ya mtoto aliye chini ya miaka 13. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na mimi naichukulia hivyo hata kwa yule wa miaka 17 mwenye ndevu.

Sikushawishi leo. Chukua binti, nenda mkakae nyuma ya darasa lolote la karibu na kwenu mara mbili bila kulipa. Mwalimu anayekataa hilo amekusaidia kuamua.

#11 Mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro

Wakuu, ninyi mnaongelea kumbi na vioo. Mimi nina uwanja wa vumbi, ngoma mbili, moja imepasuka, na watoto 70 wa darasa la tatu hadi la saba wanaotaka kuingia kikundi cha ngoma cha shule tujiandae na UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi. Muda ni dakika 50 baada ya vipindi, mara mbili kwa wiki. Hizo ngazi nazigawaje? Na kila mwaka nachagua ishirini, hamsini wanabaki wanaangalia. Inaniuma.

#12 Mleta uzi

Mwalimu mwenzangu, kwanza uwanja wako ni bora kuliko ukumbi wangu. Udongo uliolainika na nyasi vinapokea kishindo cha mguu, saruji inakirudisha gotini. Mimi nimelipia mbao za kutandika juu ya saruji kwa kuchangisha miaka mitatu. Wewe hakikisha tu watoto wanatembea uwanja mzima kwa mstari kabla ya kuanza, waokote vigae na mawe, halafu mwagia maji kidogo vumbi likae.

Watoto 70 usiwagawe kwa madarasa. Siku ya kwanza wapigie ngoma moja rahisi, wote watembee duara kubwa wakipiga makofi kwenye pigo kubwa. Wewe zunguka, usiseme kitu. Ndani ya dakika kumi utaona makundi matatu yanajitokeza yenyewe: wanaoshika pigo kwa mikono na miguu, wanaoshika kimoja, na ambao bado hawalisikii. Hawa wa mwisho usiwaite wabovu. Wengi wao wanaangalia mguu wa jirani badala ya kusikiliza. Wafumbe macho, wapige makofi tu, wiki mbili. Utashangaa.

Kisha fanya duara tatu, moja ndani ya nyingine. Wa ndani wanacheza hatua kamili, wa kati miguu tu, wa nje makofi na kuitikia. Ngoma zetu nyingi zinahitaji waitikiaji na wapiga makofi, kwa hiyo hakuna aliyekaa benchi. Kila wiki mbili wachache wanahamia duara la ndani zaidi. Anayehamishwa anaambiwa kwa nini, na asiyehamishwa anaambiwa kitu kimoja tu cha kufanyia kazi. Kimoja, mwalimu. Ukimwambia vitano haondoki na hata kimoja.

Wa darasa la saba waliocheza mwaka jana wape watoto wanne wanne wa kufundisha. Kijana akimfundisha mdogo ndipo anapogundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa anadanganya ile hatua ya tatu. Na hapo unapata wasaidizi kumi ambao serikali haijakuajiria.

Kupasha mwili usiruke hata kama muda ni mdogo. Dakika saba: kutembea, kukimbia polepole, kuzungusha nyonga na mabega, kurusha miguu mbele na nyuma. Yale ya kuvuta msuli na kukaa nao kwa muda yaweke mwisho, mwili ukiwa wa moto. Ukiyaweka mwanzo kwenye msuli baridi hayawasaidii kuruka.

Kuhusu ishirini na hamsini: shule ikikutaka uchague, chagua, ila onyesho la kufunga muhula liwe la wote sabini mbele ya wazazi. Nimeshaona mama akilia kwa ajili ya mtoto aliyekuwa duara la nje anapiga makofi.

#13 Mzazi, Nairobi

Hapa kwetu tamasha la muziki la shule lina historia ndefu, tangu 1927, na presha ni ile ile: mwalimu anataka kombe, watoto wanarudia mazoezi mpaka jua linazama. Mwalimu, kuna kipimo cha saa? Mwanangu mkubwa ana miaka 13, wiki za mashindano anacheza jumla ya hadi saa 18 kwa wiki.

#14 Mleta uzi

Kuna kanuni rahisi ambayo madaktari wa michezo hupenda kuitumia kwa watoto: saa za mazoezi yaliyopangwa kwa wiki zisizidi umri wake. Wa miaka 13, saa 13, na hapo ujumlishe michezo mingine yote anayofundishwa, siyo dansi pekee. Na walau siku moja kwa wiki mwili usiguswe kabisa. Saa 18 kwa wiki moja ya mashindano zinaweza kupita salama, zikiwa 18 kila wiki kwa mwezi mzima mtoto ataanza kuamka amechoka, atakuwa mkali nyumbani, na atapenda kukaa kando bila sababu. Ukiona hayo matatu kwa pamoja, usisubiri aseme anaumwa. Wengi hawasemi. Yule binti wangu hakusema.

Mliouliza inbox yuko wapi sasa: alirudi. Alianza upya na kundi la umri wake, akapanda taratibu, na leo ni msaidizi wangu kwa wale wa miaka 7 hadi 9. Mtoto akichechemea yeye ndiye anayeona wa kwanza, kabla yangu.

#15 Mama wa Mbagala

Nimerudi na mrejesho. Jumapili nilimleta. Hukunitambua kwa sababu sikujitambulisha, nilikaa nyuma kimya. Njiani kuja hakusema neno. Nusu saa ya kwanza mikono yake ilikuwa imeganda mbavuni. Wakati mnafanya lile zoezi la kuitikia kwa mguu, ngoma inauliza na mguu unajibu, akacheka. Sijamwona akicheka mbele za watu tangu amalize darasa la saba. Kurudi nyumbani kwenye daladala alikuwa anapiga lile pigo gotini mwake mpaka kondakta akaanza kumwitikia kwa kugonga bati.

Jumapili hii anakuja mwenyewe na binamu yake. Anauliza avae soksi au raba, na aje saa ngapi?

#16 Mleta uzi

Mama, nimemkumbuka, ni yule aliyesimama karibu na dirisha. Ana sikio.

Soksi hapana, zile mbao zinateleza. Raba kama ina soli nyembamba sawa, ila miezi ya kwanza napendelea miguu mitupu ili vidole vijifunze kushika chini. Ale saa mbili kabla ya darasa, abebe chupa ya maji na fulana ya kubadilisha. Tunaanza saa nane kamili mchana. Binamu yake kama ni chini ya miaka 13 aje Jumamosi asubuhi, kama ameshafika aje naye.